Sura ya Nne: Sahani Ikivunjika

Saa kumi na mbili asubuhi baridi ya Timau haina mzaha. Mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na upepo unaoteremka kutoka Mlima Kenya hupita katikati ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, ambako madereva wa malori ya viazi wanapasha injini moto na akina mama wa mashamba ya maua wanasubiri mabasi ya kampuni, leso zimefungwa juu ya masweta. Hoteli za kando ya barabara huwa zimeshawasha jiko tangu saa kumi na moja. Ukiingia unakutana na mvuke wa chai ya maziwa, mandazi yakitolewa kwenye mafuta, na msichana mmoja au wawili wanaohudumia meza zote, sweta likiwa limevaliwa ndani ya aproni.

Asubuhi moja nilikuwa nimeketi katika hoteli ya namna hiyo, sahani ikamponyoka mhudumu ikavunjika. Sisi wateja tuligeuka kutazama vigae sakafuni. Yeye hakuvitazama. Yeye, mwenzake aliyekuwa akifuta meza, na mpishi aliyechungulia kwenye kidirisha cha jikoni, wote watatu waliangalia kaunta. Pale kaunta mama mwenye hoteli alifungua daftari, akaandika kitu, akalifunga. Hakugomba wala hakuinua sauti. Msichana akafagia, akaja mezani kwangu akaniuliza kwa mara ya pili nimeagiza nini, na tangu hapo hadi nilipoondoka hakumtazama mtu usoni. Dereva aliyeketi nami akatikisa kichwa. "Wasichana wa siku hizi wana kiburi, mzee. Unampa pesa yako na hata kucheka hawezi."

Nilijua kilichoandikwa ndani ya daftari lile, kwa kuwa niliwahi kuandikwa ndani ya jingine. Nilipoanza uweita katika mji mmoja wa upande huu wa mlima, katika hoteli ambayo sitaitaja, mshahara wangu wa kwanza ulifika mkononi ukiwa umepungua kwa glasi tatu, sahani moja, na bili ya wanaume wawili waliokula wakaingia garini wakaenda zao huku mimi niko jikoni nawafuatia chai. Mwezi uliofuata nilikuwa mtu mwingine. Kila mgeni aliyeingia nilimpima kwa macho, nikijiuliza kama huyu naye atanikimbia. Wageni waliiona sura hiyo, nao wakaiita kiburi.

Sura hii ya kitabu inahusu sura ile ya mtu: inatoka wapi, nani anaitengeneza, na kwa nini wenye hoteli wengi huitafuta mahali isipokuwepo.

Katika miji ya mlima neno hoteli ni pana. Hoteli ni chumba cha mabati chenye meza nne na birika kubwa. Hoteli pia ni jengo la ghorofa lenye maandishi ya "bodingi na lojingi" ukutani, ambapo chini wanachoma nyama na juu wanalaza wasafiri. Na hoteli ni zile nyumba za bei kubwa ambazo wenyeji wengi huziona lango tu. Timau imekaa katikati ya aina zote hizo. Nje kidogo ya mji kuna Kentrout, ambako watu hufuata samaki aina ya trauti wa maji baridi. Samaki huyo hana asili katika mito yetu. Mlowezi Ewart Grogan ndiye aliyemleta kutoka Skotlandi mwaka 1905 na kumwachia kwanza katika mto Gura, upande wa Nyandarua. Kaskazini, ardhi inaposhuka kuelekea nyika ya Isiolo, kuna nyumba za wageni za Borana, Lewa na Il Ngwesi. Magharibi kuna Nanyuki. Kwa hiyo msichana wa Timau anayetafuta kazi ya kuhudumu anaweza kuanza kwenye birika la chai na, akibahatika, akamalizia mahali ambapo mgeni mmoja hulipa kwa usiku mmoja pesa ambazo yeye hazioni kwa miezi.

Kazi hii hapa ina wazazi wawili. Mmoja ni hoteli ya barabarani, iliyozaliwa na soko na stendi ya magari, na desturi zake zilitoka nyumbani: mgeni anakaribishwa, anapewa chai, anaulizwa habari za safari. Mzazi wa pili ni hoteli ya walowezi. Eric Sherbrooke Walker alijenga Outspan mjini Nyeri mwaka 1928, na mwaka 1932 akafungua Treetops, kijumba juu ya mti katika msitu wa Nyandarua. Mwaka 1959 mcheza sinema wa Marekani William Holden na wenzake wakafungua Mount Kenya Safari Club karibu na Nanyuki. Nyumba hizo zilileta ujuzi wa kweli: namna ya kutandika kitanda, kupanga vijiko na visu, kumimina mvinyo, kuweka hesabu za bohari. Zilileta pia neno "boi". Mwanamume mwenye mke na watoto, aliyekwisha kutahiriwa na kuhesabiwa katika rika lake, alivishwa kanzu nyeupe na tarbushi, akaitwa kwa kengele na kwa jina la mtoto. Kwa kawaida Mwafrika aliingia nyumba hizo kuhudumu, hakuingia kuketi.

Usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Februari 1952, Elizabeth wa Uingereza alilala Treetops akiwa binti mfalme, na baba yake akafariki usiku huohuo. Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi mno. Majina ya wageni yamehifadhiwa, ya mwenye hoteli yamehifadhiwa, hata la Jim Corbett, mwindaji mzee aliyekuwa pamoja nao kule juu. Aliyechemsha maji ya chai ni vigumu kumkuta akitajwa. Miaka miwili baadaye, mwezi Mei 1954, wapiganaji wa Mau Mau wakaichoma Treetops. Nayataja haya kwa sababu bado nakutana na mameneja wanaodhani kwamba mhudumu bora ni yule asiyeonekana, asiye na jina wala maoni. Fikra hiyo ni ya zama za kengele. Kumwita mtu mzima "boi" tumeacha, lakini wateja wetu wenyewe, Wakenya wenzake, bado wanampigia mluzi na kumsonya kama mbuzi wa jirani.

Wenye hoteli kutoka Karatina hadi Subuiga wananiambia neno moja: "Wafanyakazi hawana moyo wa kazi." Nikiwauliza wanaupimaje moyo huo, wengi husema huuliza siku ya usaili. Unapenda kuhudumia watu? Kila mwenye njaa atajibu ndiyo.

Uchunguzi wa zamani sana juu ya umbali kati ya jibu la mtu na tendo lake ulifanyika hasa hotelini. Mapema miaka ya 1930, mwanazuoni wa elimu ya jamii wa Marekani, Richard LaPiere, alisafiri nchini mwake kwa gari pamoja na kijana wa Kichina na mkewe, wakati ambapo chuki dhidi ya Wachina ilikuwa wazi. Walipita katika hoteli, kambi za wasafiri na mikahawa 251. Walikataliwa mahali pamoja tu. Miezi kadhaa baadaye LaPiere akaziandikia nyumba hizohizo barua kuuliza kama zingempokea mgeni wa Kichina. Zilijibu 128, na zaidi ya asilimia 90 zikasema hapana. Makala yake ilitoka mwaka 1934, na wanazuoni wamebishana juu yake tangu wakati huo. Wengine wamesema, kwa haki, kwamba aliyejibu barua ofisini huenda hakuwa karani yule aliyewapokea mlangoni. Mimi naona hilo ndilo lenye uzito zaidi. Karani aliyesimama mbele ya watu watatu wachovu, wamevaa vizuri, mmoja wao akitabasamu, aliwapa ufunguo wa chumba. Kilichomwongoza ni kile kilichokuwa mbele yake saa ile.

Kwa mwenye hoteli wa Timau maana yake ni hii: ukitaka kujua tabia ya mfanyakazi wako, acha kuchungulia moyo wake. Tazama kilicho mbele yake saa anayofanya kazi. Amelala saa ngapi? Amekula? Akikosea, nani anamwona kwanza, mgeni au daftari?

Kilicho mbele yake mara nyingi ni kidirisha cha jikoni. Watu wa nje hudhani ugomvi wa hotelini huwa kati ya mhudumu na mteja. Aliyefanya kazi hii anajua kwamba vita vikali viko kati ya mhudumu na mpishi. Mteja ana haraka, basi la kwenda Meru linapiga honi, msichana anakimbilia kidirisha na kusema, "Matumbo na chapati mbili, haraka." Mpishi ni mwanamume, amemzidi umri, amemzidi mshahara, na ana sufuria nne motoni. Hapendi kuamriwa na mtoto. Basi anageuka polepole, anahudumia kwanza oda ya yule anayemsalimia vizuri au anayemletea soda, na msichana anarudi mezani mikono mitupu kupokea matusi ya mteja. Baada ya wiki tatu za hayo, hata mteja mwema atahudumiwa kwa uso wa jiwe.

William Foote Whyte, mwanazuoni mwingine wa elimu ya jamii wa Marekani, aliliona jambo hilihili katika mikahawa ya Chicago miaka ya 1940, akaliandika katika kitabu chake cha mwaka 1948. Aliona wahudumu wanawake wakilia kazini, na akagundua kwamba chanzo kikubwa kilikuwa mpangilio: oda zilitoka kwa waliohesabiwa wa chini kwenda kwa waliohesabiwa wa juu, kwa mdomo, mchana kutwa. Dawa aliyoieleza ilikuwa msumari. Msumari uliosimama juu ya kaunta, mhudumu anachomeka kikaratasi cha oda na kuondoka. Mpishi anavichukua kwa zamu bila mtu kumpigia kelele. Hotelini kwetu tunacho kitabu cha kepten oda chenye nakala moja ya jikoni na nyingine ya kashia, na wengi wanadhani kazi yake ni kuzuia wizi. Inazuia, ni kweli. Lakini nimeona jiko lililokuwa uwanja wa matusi likitulia ndani ya wiki moja kwa sababu tu karatasi zilianza kupangwa kwa kufuatana na hakuna aliyeruhusiwa kuitisha chakula kwa sauti. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyeombewa abadilishwe roho.

Halafu kuna kazi ya uso wenyewe. Mwaka 1983 Arlie Hochschild, naye wa elimu ya jamii Marekani, aliandika juu ya wahudumu wa ndege na akaonyesha kwamba kutabasamu kwa mshahara ni kazi kamili, inayochosha kama kubeba magunia: mtu anauza hisia zake kwa saa, na jioni anarudi nyumbani bila kujua zilizobaki ni zake au za mwajiri. Nilipoisoma hoja yake nilimkumbuka mwenzangu mmoja aliyekuwa na uwezo wa ajabu. Ndani ya nusu saa aliweza kumwamkia mzee wa Kimeru kwa lugha yake kwa heshima zote, kutaniana kwa Kikuyu na makondakta wa Nyeri, kumpokea Msomali mfanyabiashara wa ng'ombe kwa Kiswahili cha adabu, kisha kuwaeleza watalii waliokuwa wanaelekea lango la Sirimoni la Mlima Kenya, kwa Kiingereza safi, kwa nini mvua ya mlimani haingoji mtu. Nafsi nne katika nusu saa. Hakuna aliyewahi kumlipa kwa lugha hata moja ya hizo. Aliandikwa "weita" na kulipwa kama weita. Alipochoka, alichoka kimyakimya, na siku moja hakuja.

Kwa wanawake uso huo una gharama ya ziada ambayo wanaume tunaikwepa kuitaja. Kuna mteja anayedhani kwamba bei ya nyama inajumuisha mkono wa mhudumu. Anamshika, anauliza anatoka saa ngapi, anaacha bakshishi yenye namba ya simu. Msichana akimkemea, mteja analalamika kaunta kwamba huduma ni mbaya, na mara nyingi kaunta inamsikiliza yeye kwanza. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 6, inakataza bughudha ya kingono kazini, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na maandishi yanayoeleza namna ya kulalamika na hatua zitakazochukuliwa. Hoteli nyingi za miji hii hazifikishi watu 20. Kwa hiyo hazilazimiki kuwa na maandishi, na wenye hoteli wengine wamelichukua hilo kama ruhusa ya kunyamaza. Si ruhusa. Mwenye hoteli wa meza nne hahitaji karatasi yoyote ili amwambie mteja, mbele ya watu, "Mzee, huyu ni mfanyakazi wangu, muache." Nimeshuhudia mama mmoja akisema hivyo Nanyuki, na wahudumu wake wamekaa naye miaka.

Muda nao unavunja watu. Hoteli kubwa kidogo hutumia shifti ya kukatwa: unakuja alfajiri kwa ajili ya kifungua kinywa, unahudumia chakula cha mchana, unaambiwa upumzike saa tisa, unarudi saa kumi na mbili kwa chakula cha jioni na kutoka wageni wakitoka. Kwenye karatasi ni saa za kawaida. Kwa mtu anayekaa mbali na mji, mapumziko hayo ya kuanzia saa tisa hayamtoshi kwenda nyumbani na kurudi, basi anakaa nyuma ya hoteli juu ya kreti za soda, kwenye baridi, akisubiri jioni. Anatoka saa nne usiku na magari yamekwisha. Halafu saa kumi na moja alfajiri anatakiwa awe ameshachana nywele na kuvaa yunifomu safi. Shamba la maua, kwa ugumu wake wote, lina saa ya kuingia na ya kutoka inayojulikana, na basi la kumrudisha mtu. Mwenye hoteli wa Timau anayeshangaa kwa nini mhudumu wake mzuri amekwenda kukata waridi asitafute mbali.

Juu ya hayo kuna ukibarua usiokwisha. Kifungu cha 37 cha Sheria hiyohiyo ya Ajira kinasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, na haki zinazofuatana na hali hiyo. Ndiyo maana wengine hupumzishwa siku chache kabla mwezi haujatimia, kisha huitwa tena. Mtu anayejua kwamba ataambiwa apumzike kila siku ya 25 hawezi kujali kama kitambaa cha meza kina doa. Korona ilipokuja mwaka 2020, waliokuwa wakiitwa kwa simu ndio waliokuwa wa kwanza kutoitwa tena. Treetops yenyewe, iliyokuwa imejengwa upya baada ya ule moto, ilifunga mwaka 2021. Wahudumu wenye uzoefu wa miaka walirudi kulima viazi na karoti, na si wote waliotaka kurudi wageni waliporudi.

Sasa nirudi kwenye daftari la kaunta, maana hapo ndipo ninapotaka kusema bila kuzunguka. Kumkata mfanyakazi sahani iliyovunjika kwa bahati mbaya ni kosa. Ni kosa la sheria kwanza. Kifungu cha 19 kinaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa uharibifu wa mali uliotokana na mfanyakazi kukiuka wajibu wake kwa kusudi. Kwa kusudi. Sahani ya mafuta iliyoteleza mkononi mwenye baridi ya Timau haina kusudi. Upungufu wa pesa nao unaweza kukatwa kwa mtu ambaye mkataba wake unasema wazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa, na upungufu uwe umetokana na uzembe wake au udanganyifu. Mhudumu anayebeba trei, asiye na mkataba wowote wa maandishi, hawezi kugeuzwa mdhamini wa kila dereva anayeondoka bila kulipa. Na hata makato halali yote yakijumlishwa hayawezi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Nimeona karatasi za malipo zilizopita hapo.

Ni kosa la biashara pia, na hili wenye hoteli hawaambiwi vya kutosha. Siku mfanyakazi anapoanza kulipia vyombo, mambo hubadilika jikoni. Sahani yenye ufa hufichwa chini ya nyingine ili ivunjikie mkononi mwa mtu wa shifti ijayo. Glasi iliyovunjika hutupwa chooni. Mhudumu hakubali tena kubeba sahani tano, anabeba mbili, na wageni wanangoja. Wafanyakazi wenza wanashukiana. Na mteja masikini, yule mwenye viatu vya matope, hutazamwa kama mwizi tangu anapoingia, ilhali ndiye mteja wa kila siku. Mama yule wa Timau aliokoa bei ya sahani moja. Kwa sahani hiyo alinunua asubuhi nzima ya uso ulioinama, mbele ya wateja ishirini au zaidi.

Sitawatetea wezi. Wapo wahudumu wanaopunguza sukari ya hoteli kwa vijiko, wapishi wanaopeleka nyama kwa mashemeji kupitia mlango wa nyuma, makashia wanaouza soda zao ndani ya friji ya mwajiri. Nimefanya kazi nao, wengine nimewafukuza, na kifungu cha 41 nimekifuata: mtu anaelezwa kosa lake kwa lugha anayoielewa, mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama akiwa karibu, naye anasikilizwa kabla ya uamuzi. Wizi ni wizi. Lakini nimeongea na wengi walionaswa, na hadithi ya mwanzo inafanana mno kuweza kupuuzwa. Walianza siku walipokatwa kitu wasichokula. Walikiita kujilipa. Kutoka kujilipa sahani moja hadi kujilipa kuku mzima njia ni fupi na inateleza, na aliyeifungua si mfanyakazi peke yake.

Upande huu wa mlima kuna mahali ambapo mpangilio umegeuzwa tangu msingi. Mwaka 1996 Wamaasai wa Il Ngwesi, kaskazini mwa Timau, walifungua nyumba ya wageni inayomilikiwa na jamii yenyewe. Wanaohudumu ni watoto wa wenye mali, na mapato huingia katika shule, afya na maji ya jamii. Mwaka 2002 jamii hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mhudumu anayejua kwamba godoro analolitandika ni la baba yake hahitaji kuhubiriwa juu ya moyo wa kazi. Najua si kila hoteli inaweza kuwa mali ya kijiji. Hata hivyo hisia ya kuwa mwenye nyumba inaweza kupatikana kwa njia ndogo zaidi, na nimeiona ikipatikana: wafanyakazi kula kutoka sufuria ileile ya wateja, wala si ugali wa kando na maji ya mboga, mwenye hoteli kubeba trei mwenyewe siku ya soko, dakika kumi za kuongea asubuhi kabla ya mlango kufunguliwa, ambapo aliyefua mashuka jana anaruhusiwa kusema mashine inavuja.

Mafunzo yanasaidia, na Kenya ilianza mapema. Chuo cha Utalii kilianzishwa Nairobi mwaka 1975 kwa ushirikiano na Uswisi, na hoteli zetu zimekuwa zikitozwa asilimia 2 ya mauzo ili kuendeleza mafunzo ya sekta hii. Vijana waliotoka pale utawakuta katika nyumba zenye jina. Hoteli ya birika haiwapati, na haihitaji kusubiri iwapate. Msichana wa Timau tayari anajua kukaribisha. Alifunzwa na bibi yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hotelini mgeni hapewi jembe siku ya tatu wala ya kumi, na jembe linabaki mkononi mwa mhudumu mwaka mzima. Ndiyo maana tunamdai mengi, na ndiyo maana anatudai.

Nilirudi kwenye hoteli ile baada ya miezi michache. Msichana yule hakuwepo. Alikuwepo mwingine, mdogo zaidi, na sahani alizibeba moja moja kwa mikono miwili.

Wewe mwenye hoteli unayesoma sura hii, iwe ya meza nne au ya vyumba arobaini, kesho asubuhi kabla hujawasha jiko fungua daftari lako. Vyombo vilivyovunjika mwezi huu viandike kwenye gharama za nyumba, palepale unapoandika makaa, sukari na maziwa. Kisha waite wafanyakazi wako uwaonyeshe ukurasa.